Nilivyopotea Kwenye Grupu la Wakwe

Dada unayesoma hapa, kama umeolewa majuzi na bado hujaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la upande wa mumeo, tulia tu, zamu yako inakuja. Kwenye kichen pati yangu nilifundwa mambo mengi kwelikweli. Nilifundishwa kupika, kutandika kitanda, kumpokea mume aliyerudi amechoka, kumsalimia mama mkwe kwa kupiga goti, na mengine ambayo mhariri hatakubali niyaandike. Lakini hakuna kungwi aliyenikalisha chini akaniambia, mwanangu, huko unakokwenda kuna watu 118 ndani ya simu, na wote ni wakwe zako.

Mimi niliingizwa Desemba 2019, siku ya tatu baada ya harusi. Grupu ni la watoto, wajukuu na vitukuu wa Bibi, yaani mama mzazi wa mama mkwe wangu, pamoja na waliooa na kuolewa humo. Admini ni wifi yangu mkubwa. Nikaona maua yanamiminika, "karibu mke wetu", "karibu nyumbani", nikajibu "asanteni sana" nikarudi kwenye shughuli zangu. Baadaye ndo naambiwa kuna wazee walikuwa wanasubiri shikamoo.

Sasa hilo grupu, jamani! Alfajiri ni dua na picha za maua. Saa mbili mtu anauza vitenge. Mchana Simba na Yanga. Jioni michango, na usiku mtu mmoja aliyekosa usingizi anatuma video za mafuriko ya nchi tusizozijua. Ukiacha simu tangu asubuhi, jioni unakuta meseji mia mbili na zaidi. Nikafanya kama wengi tunavyofanya, nikalinyamazisha. Wakati ule ulichagua masaa manane, wiki au mwaka. Nikachagua mwaka. Mwaka ulipoisha kelele zikarudi, lakini kufikia hapo WhatsApp walikuwa wameshaleta kunyamazisha moja kwa moja, tangu Oktoba 2020. Nikabonyeza hiyo, nikawa huru.

Huru nilijiona mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa mgeni ndani ya nyumba ambayo sijui hata mlango wa jikoni uko wapi. Namba za watu sikuzihifadhi, kwa hiyo niliowaona mimi walikuwa ni tarakimu, na majina ya ajabu ajabu ambayo watu hujipa wenyewe. Kulikuwa na mmoja amejiita "Mnyama", picha yake ni simba anayenguruma. Siku moja akaandika habari za asubuhi, nami kwa uchangamfu nikamjibu, "Poa kaka, mambo vipi!" Alikuwa mjomba mkubwa. Ana miaka sabini na ushee.

Lakini hilo watu walilicheka likaisha. Lililofuata halikuwa la kucheka.

Ilikuwa Januari 2021, siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne. Binti wa wifi yangu mdogo alikuwa amepata divisheni wani, na grupu lilikuwa limechachamaa kwa hongera. Mimi nilikuwa kwenye daladala la Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Nikasema leo na mimi nionekane. Nikafungua. Ukifungua grupu ambalo hujalisoma, huwa linakupeleka kwenye mstari unaoonyesha meseji ambazo hujazisoma zinaanzia wapi. Hapo ndipo pa kuanzia. Mimi niliona kile kimshale cha kushuka pembeni kinaonyesha namba kubwa, nikakibonyeza, kikanitupa chini kabisa. Mbele yangu nikaona picha ya Bibi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kajitanda kanga ya bluu, anatabasamu. Juu yake kuna hongera, na hongera nyingine.

Nikaandika: "MashaAllah Bibi umependeza! Hongera kwa mjukuu. Sasa pilau lini?" Nikaweka na vile vikatuni vitatu vinavyocheza.

Msomaji wangu, ile picha ilikuwa imetangulia peke yake. Maneno yake yalikuwa yanakuja nyuma, mwandikaji alikuwa bado anaandika. Yalipotua yakatua chini ya pilau yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bibi yetu ametutoka saa tano hii, mazishi ni leo alasiri, Korogwe.

Wifi alipiga kabla sijafika kituoni. "Wifi, umeona ulichoandika?" Nikarudi kwenye grupu mikono inatetemeka. Nikaishikilia ile meseji, nikabonyeza kufuta, ikaniuliza kama nafuta kwa wote au kwangu tu. Kwa haraka zangu, nikabonyeza kwangu tu. Ikapotea. Nikashusha pumzi. Mume wangu akanipigia kutoka kazini, "Mbona bado iko?" Kumbe kwangu imeondoka, kwenye simu 117 imekaa, na mimi ndiye pekee ambaye siioni na siwezi tena kuifuta. Siku hizi ukikosea hivyo unapewa sekunde 5 za kujirudi. WhatsApp walileta hiyo Desemba 2022. Nilipoona habari hizo nilikaa kimya kidogo.

Nikaandika "Nisameheni, sikujua". Mmoja akajibu kwa alama ya kuuliza. Halafu ikaingia sauti ya mama mkwe, dakika 2 na sekunde 41. Nikaitazama. Moyo ukaniambia, hapa unasemwa mbele ya ukoo mzima. Sikuibonyeza. Chini yake watu wakaanza kujibu: "Sawa mama." "Tumekuelewa mama." "Amina." Nikasema haya, hukumu imetoka.

Tulifika Korogwe usiku, Bibi ameshazikwa. Nilimpa mama mkwe pole nimeinamisha kichwa, sikuthubutu kumtazama usoni, nikakimbilia jikoni. Siku tatu zote nilikuwa jikoni. Niliosha masufuria ambayo hayakuwa machafu. Na kitu kilichonichoma zaidi ni kwamba hakuna mtu aliyenisema. Hakuna aliyetaja pilau, hata kwa utani, na wale ni watu wa utani! Kila nilipoingia chumbani wanawake wakabadilisha mazungumzo. Nikajua nimesuswa.

Wifi yangu mkubwa ndiye aliyenifuata, siku ya khitma, akaketi na mimi nyuma ya nyumba. "Si umesikia alivyosema mama?" akaniuliza. Nikaitikia kwa aibu, nimesikia. "Basi yameisha. Lete simu." Akanifundisha kundi lake kama mtu anayekutembeza kijijini.

Kwanza akanifungulia orodha ya wanachama, akanitajia mmoja mmoja, nikahifadhi namba na vyeo vyao: mjomba mkubwa, mama mdogo wa Handeni, binamu wa Muscat ambaye anaamka kabla ya wote. Akanionyesha kwamba ukiivuta meseji kidogo kuelekea kulia, jibu lako linabeba ile meseji mgongoni, watu wanajua unamjibu nani. Kwenye grupu la watu 118 ambapo mazungumzo matatu yanapishana, ukijibu bila kubeba ni kama kupiga kelele sokoni. Laiti ile siku ningemjibu mama wa binti kwa namna hiyo, pilau ingebaki kuwa ya binti. Akaniambia ukitaka kujua jambo lililopita usiulize mbele za watu, kuna pa kutafutia, andika "ahadi" au "mazishi", yatakuja yote. Na ukiwa na la kumwambia mtu mmoja, mjibu pembeni.

Kwenye michango alikaa sana, maana hapo ndipo nyumba zinapovunjika. Unajua mtindo wetu. Mtu anaanzisha orodha, namba 1 mjomba laki moja kalipa, namba 2 fulani elfu hamsini ahadi. Ukitaka kuchangia unaikopi yote, unaibandika chini, unaongeza jina lako. Sasa wawili wakikopi kwa wakati mmoja, kila mmoja anajipa namba 15. Wa tatu anakopi ya mmoja wao, na yule mwingine ndo kafutika hivyo. Hela katuma, jina halipo, na hasemi kitu, ananuna tu mpaka harusi ijayo. Wifi anasema shemeji mmoja alikaa miezi minane haji kwake kwa sababu ya namba 15. Ukishabandika, panda juu uangalie kama kuna aliyeingia katikati, mrudishe. Na orodha ya kuiamini ni ile ya mweka hazina ya jioni, hizo nyingine zote ni mbio za mchana. Tangu mwisho wa 2023 unaweza kuubana ujumbe juu ya grupu usipotee, nayo imesaidia, ingawa wazee bado wanaikopi hiyo hiyo iliyobanwa.

Halafu akaniambia jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja. "Wazee hawaandiki, wifi. Wanasema. Ukiona sauti, hapo ndo kuna neno." Nikatikisa kichwa. Ukweli, sauti nilikuwa naziruka zote. Nani ana dakika nne za kumsikiliza mjomba akikohoa? Baadaye walipoleta kuziharakisha nilianza kuzisikiliza mara mbilimbili ya mwendo, mjomba anasikika kama mtangazaji wa mpira. Lakini ile moja ya Januari sikuigusa. Nilikuwa nimeshaamua imesema nini.

Tukaishi hivyo. Nikawa mtu mzuri kwenye grupu, natoa shikamoo, najibu kwa adabu, nachangia. Mama mkwe nikampigia kila Ijumaa, hujambo sijambo, watoto wazima, haya. Ananijibu vizuri lakini kuna kitu kimesimama katikati yetu. Mume wangu nilipomwambia akasema nawaza mno. Wanaume!

Idi ya Aprili 2023 tukaenda Korogwe. Baada ya kula, mama mkwe akanipa simu yake. "Mwanangu, hii imejaa, haipokei kitu. Nisafishie. Lakini picha ya mama yangu usiifute." Nikamuuliza iko wapi. Akasema wifi yako aliiwekea nyota. Nikafungua zenye nyota, ilikuwa hiyo moja tu. Nikaigusa, ikanipeleka mahali pake kwenye grupu.

Bibi kwenye kiti cha plastiki, kanga ya bluu. Na chini yake, pilau lini, na vikatuni vyangu vinacheza. Zaidi ya miaka miwili sikuwa nimeyaona maneno yangu. Chini kidogo, ile sauti. Dakika 2 na sekunde 41.

Nikaibonyeza. Wala sikuiharakisha.

Kwanza analia. Halafu anasema msiba huu ni wake kabla haujawa wa mtu mwingine. Anasema huyo mtoto yuko njiani, kaiona picha, maneno hajayaona, na nyinyi wote mnajua hivyo. Anasema mama yake angekuwepo angecheka, maana hakuna aliyependa pilau kama yeye. Anasema hataki kusikia mtu ananitajia jambo hili, hapa wala jikoni, si kwa ugomvi wala kwa utani. Kisha sauti inashuka, kana kwamba kanisogelea: "Na wewe mwanangu, ukifika usikae jikoni. Njoo ukae na mimi."

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, anachambua ubani. "Unasikiliza nini?"

"Sauti yako, mama. Ya siku ya Bibi."

"Si uliisikia?"

Nikashindwa kudanganya tena. Nikamwambia sikuisikia, niliogopa, nilidhani ananisema.

Alikaa muda. "Nilikuwekea nafasi," akasema. "Pale upande wa ukutani. Walikuja wakataka kukaa nikawazuia, nikasema hapo pana mtu. Siku tatu. Nikajua basi, mtoto huyu ana kiburi, hata nimembembeleza mbele ya watu hataki."

"Nilikuwa jikoni, mama."

"Nilijua uko jikoni. Nilikuwa nasikia masufuria."

Tukacheka, halafu hatukucheka. Nikahama kwenye kiti, nikaketi mkekani. Akaichukua simu yake, akaitazama picha ya mama yake, akaishusha kidogo kwa kidole mpaka kwenye ile sauti. Akaniuliza kama na hiyo inaweza kuwekewa nyota.