Sipigi Tena Picha za Machozi

Mimi ni mtoto wa Birere, mtaa wa Goma, na kamera ndiyo inayonilisha. Nilianza na harusi, nikaingia kwenye matangazo: sabuni, unga, vocha za simu. Kisha yakaja mashirika ya misaada, na hapa Goma mashirika ndiyo yenye dola. Maagizo yao hayakubadilika: mama mbele ya hema, mtoto mapajani, mawe meusi ya volkano nyuma yake. Asipolia, uliza tena.

Aliyenigeuza ni Petna Ndaliko Katondolo, mtengenezaji filamu wa hapahapa kwetu. Kituo chake cha Yole!Africa alikianzishia Kampala mwaka 2000, akakileta Goma 2002, mwaka uleule volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto hadi katikati ya mji. Watu wanatafuta mabati na misumari, yeye analeta kamera! Baadaye akaanzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu, na vijana waliozoea kupigwa picha na wageni wakaona kazi za mikono yao kwenye skrini kubwa.

Pale ndipo nilipoonyeshwa Jazz Mama, filamu yake ya 2010 kuhusu wanawake wa Kongo. Ukatili wanaotendewa hakuuficha, lakini hakuna aliyeketishwa ili alie. Ni watu wenye kazi na maneno yao. Miaka kumi baadaye akatoa Kapita, akazichambua humo picha za sinema za enzi za Wabelgiji. Nilipoitazama nikatambua kwamba ile picha yangu ya mama na hema ina babu yake.

Siku hizi kamera inabaki mfukoni kwanza. Tunaongea. Mama mmoja katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bulengo aliniambia, “Papa, nipige nikiuza sambaza. Kulia nalia usiku, na huko sikualiki.” Nikampiga akiuza samaki wake wadogo, akimfokea mteja aliyetaka kupunguziwa mno. Shirika lililonituma liliikataa kazi hiyo, na kwa muda simu yangu ilinyamaza. Sikusikitika sana, ingawa mwenye nyumba alisikitika.

Hata matangazo yaligeuka. Mwenye duka la unga alitaka msichana mrembo anayeongea Kilingala cha Kinshasa. Nikamletea kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka mtaa wa Majengo, jasho usoni, anaongea Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa. Mzee alinuna. Wateja walipoanza kuyaiga maneno ya yule kijana pale kaunta, akanipa kazi nyingine.

Tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zikafungwa na uwanja wa ndege pia, nani atalipia tangazo? Nimerudi kwenye harusi. Bibi harusi naye namuuliza: unataka uonekane vipi? Wengi wanajibu wanataka picha za droni. Dada yangu, omba chochote, lakini mimi sirushi kitu juu ya mji huu.