Kifua

Shangazi alisema ana kifua, nami nikaenda kumnunulia dawa ya kikohozi.

Kwetu ni Timbwani, upande wa kuelekea Shelly Beach, na duka la dawa halifiki hata hatua mia mbili. Nilirudi na chupa ya siropu, tangawizi na ndimu mbili. Alipokea, akaniombea dua. Ile siropu akainywa yote, kijiko asubuhi, kijiko usiku, na muda wote huo hakukohoa hata mara moja. Nilikuwa na miaka 22, niko chuo, najiona msomi. Sikuliona hilo.

Miezi saba baadaye binti yake alimkuta chumbani akijifunga leso, akauona uvimbe. Mayowe yalisikika nyumba ya tatu. Shangazi alipoulizwa kwa nini hakusema, alishangaa kweli.

"Si nlisema? Nliwaambia n'na kifua."

Na alisema. Sisi ndio tuliosikia kikohozi. Kwetu neno titi halitamkwi mbele ya mtoto wa kaka yako, wala mbele ya daktari kijana anayefanana na mtoto wa jirani. Utasema kifua. Sasa kifua ni kikohozi, ni pumu, ni TB, na mtu mwenye kifua pia ni yule anayejua kutunza siri. Halafu lile jambo lilikuwa haliumi. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba uvimbe wa aina hiyo mara nyingi hauumi mwanzoni, na mtu asiyeumwa atapanda feri, apange foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, akatafute nini?

Tulimzika mwaka jana.

Wazo la kutembea lilitoka kwa binamu yangu, yule aliyepiga mayowe. Aliona kwenye simu kwamba Marekani kuna matembezi ya Susan G. Komen, siku tatu, maili 60, yaani karibu kilomita 97, na mtembeaji alitakiwa kwanza achangishe dola 2,300. Tukapiga hesabu: karibu laki tatu za Kenya, kwa kichwa. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini zile siku tatu alizichukua. Tutoke Likoni, twende kwa miguu mpaka Gazi, hela tutakazopata ziwe nauli na vipimo vya wanawake watakaojitokeza njiani.

Tulikuwa watu 19, tuktuk moja ya maji, muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu, na kipaza sauti cha mkono tulichoazima. Hicho nilipewa mimi, kwa sababu nina sauti ya madrasa. Fulana nilizipinga. Michango ya wiki mbili nzima ilimezwa na vitambaa vya pinki, wakati kuna mtu hana hela ya kufika hospitali! Binamu akanijibu, "Kaka, tukenda na kanzu na mabuibui watadhani twaenda maulidi." Nikanyamaza. Bado naona nilikuwa sawa, ila ni kweli kwamba bila fulana nani angetuuliza chochote?

Tuliondoka stendi ya feri baada ya alfajiri. Shika Adabu, Ng'ombeni, Waa. Kila tulipopita watu walitaka kujua mheshimiwa yuko wapi. Vijana wa bodaboda walitufuata karibu kilomita mbili wakisubiri soda, na mzee mmoja alidai fulana yake, kwamba aliahidiwa tangu uchaguzi uliopita. Mimi napiga kelele: "Afya ya akina mama! Njooni mujue afya ya akina mama!" Pale Waa, nikiwa nimevua raba natoboa lengelenge, ndipo nikaisoma vizuri fulana ya aliyekuwa mbele yangu. TEMBEA KWA AJILI YA MAMA. Fulana zote zile, na hakuna hata moja iliyosema tunatembea kwa nini.

Muuguzi ndiye aliyeongea bila kuzunguka, lakini nyuma ya leso iliyotundikwa kama pazia, na wanawake tu. Usiku tulipolala Kombani nilimuomba anifundishe na mimi. Akaniambia mwaka 2022 peke yake, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na saratani ya matiti na 670,000 wakafa. Na wanaume pia huipata, ni wachache, kama mmoja katika mia. Akanitazama. "Wewe pia unayo, ati. Usidhani hiyo kanzu imefuta."

Siku ya pili ilikuwa jua tu. Tiwi, daraja la Mwachema, Ukunda. Wawili walipanda matatu wakarudi nyumbani, na siwalaumu.

Siku ya tatu tukafika Gazi alasiri, kule kwenye mikoko. Nilikaa kwenye gogo karibu na mama karanga mmoja, karai lake bado lina moto. Alinipa kipande cha samaki, akakataa pesa. Akauliza tunamtembelea nani.

"Shangazi yangu. Amefariki."

"Pole, mwanangu. Alikuwa na nini?"

"Kifua," nikasema.

Wallahi lilitoka lenyewe. Siku tatu barabarani, miguu imechanika, nimevaa pinki. Yule mama akatikisa kichwa, akaanza kunieleza habari za shemeji yake aliyekuwa na kifua hichohicho, alivyotibiwa miezi sita kwa vidonge vya TB, na sasa mzima kabisa, anavua.

Nikaweka samaki chini. "Hapana, mama. Nisamehe. Ilikuwa saratani. Saratani ya titi."

Alinyamaza. Akawageuza samaki kwenye karai, mmoja mmoja, hata wale walioiva. Kisha akaangalia kushoto na kulia, akaupeleka mkono juu ya leso yake, chini ya kwapa.

"Hapa," akasema. "Mwezi wa nne huu. Haliniumi."

Nilitaka kumwita muuguzi, akanizuia kwa jicho, kuna wateja. Nikamwandikia namba ya simu kwenye karatasi ya kufungia samaki, nikamwambia nauli ipo, kipimo kitalipwa, binamu yangu atakuja kumchukua Jumatatu. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso.

"Na nikifika kule," akauliza, "yule daktari, kama ni kijana kama wewe, n'seme nini?"

"Sema titi."

Akafunika mdomo, akacheka. Akalijaribu polepole, kwa sauti ndogo, macho yako kwenye karai.