Paka wa Bohari na Vijidudu vya Tumbo

Katika shule yetu yuko mtumishi mmoja asiyepokea mshahara wala kwenda likizo. Huyu ni Chausiku, paka wa bohari ya chakula. Kabla hajaja, panya walitoboa magunia ya maharage kila juma, na mboga ya usiku ilipungua sahanini. Kwa hiyo alipoanza kuharisha muhula huu, halikuwa jambo dogo.

Mzee mpishi alitaka atiwe katika gunia akatupwe ng'ambo ya mto. Akaniambia, kwa kuwa mimi ndimi kiranja wa chakula, "Mwanangu, mnyama anayeharisha hakai penye chakula cha watu mia nne." Neno lake lilikuwa la haki. Upande wa pili, rafiki zangu wa bwenini walileta vidonge vya kuua bakteria vilivyosalia masandukuni mwao, wapate kumwokoa. Hao walikuwa na huruma, lakini huruma isiyo na elimu huweza kuua. Nilimwomba mzee anipe siku tatu. Chausiku akahamishiwa banda la kuni, nasi tukaisugua bohari kwa maji ya moto na sabuni.

Mwalimu wetu wa Biolojia alikwisha kutufundisha kwamba utumbo wa paka, kama wetu, umejaa bakteria wasiohesabika, na walio wengi si adui. Husaidia kuvunja chakula, tena huvinyima nafasi vijidudu viovu. Mwaka 1885 Theodor Escherich, daktari wa watoto wa Ujerumani, alieleza habari za bakteria aliyemwona katika kinyesi cha watoto wachanga. Leo bakteria huyo huitwa Escherichia coli kwa heshima yake, na aina zake nyingi hukaa tumboni bila kudhuru. Hata Salmonela na Kampilobakta, wawezao kuleta kuhara, pengine huonekana katika kinyesi cha paka mwenye afya. Basi dawa ya kuua bakteria ikitolewa ovyo, huwapiga wema na wabaya pamoja. Kuhara kwaweza kuzidi, na wabaya watakaosalia huwa sugu.

Bwana Mifugo alipofika hakuanza na sindano, bali na swali: "Paka huyu hula nini?" Ikajulikana kwamba wanafunzi wa Kidato cha Kwanza humwekea bakuli la maziwa kila asubuhi. Alitueleza kwamba mtoto wa paka anacho kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, lakini kwa paka wengi hupungua wanapokua. Sukari isiyovunjwa huvuta maji ndani ya utumbo, na bakteria wa utumbo mpana huichachusha, wakatoa gesi na asidi. Ndipo tumbo hunguruma na kinyesi huwa majimaji. Bakteria wale wale waliokuwa watulivu huleta taabu kwa sababu ya chakula kisichofaa.

Aliagiza maziwa yakome, maji safi yawepo daima, na paka apewe samaki wa kuchemsha asiye na chumvi, kidogo kidogo. Akampa na dawa ya minyoo. Siku ya tatu kinyesi kilishikana, na mzee mpishi mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango wa bohari.

Wasomaji wapenzi, hasa wazazi wenye paka nyumbani, kuhara kukipita siku mbili, au kukiwa na damu au kutapika, au paka akikataa chakula, apelekwe upesi kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa paka asingojewe hata kidogo, maana hukaukiwa maji mapema. Msimpe dawa za watu. Parasetamoli peke yake yaweza kumwua. Tena osheni mikono kwa sabuni baada ya kuondoa kinyesi chake, kwani baadhi ya vijidudu hivyo hutoka kwake vikatuingia sisi. Ulizeni kwanza amekula nini, ndipo muulize habari za dawa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne