Utando

Katika nyumba ya mwalimu mstaafu, mjini Ifakara, tangi la kioo liliwekwa sebuleni. Mchanga ulioshwa mara saba, na kipande cha mti kilichookotwa ukingoni mwa mto Kilombero kikalazwa katikati. Siku ya tano mti ule ulivaa ute mweupe.

"Babu, maji yanaumwa?" mjukuu aliuliza.

Babu alishika brashi. Akasugua, akamwaga, akajaza upya maji ya bomba yenye klorini. Utando ukarudi, akasugua tena. Samaki wakafa mmoja mmoja, maji yakiwa maangavu kuliko siku zote.

Ni vigumu kumlaumu. Ifakara ilipatwa na kipindupindu mwaka 1997, na aliyeuguza nduguye hafundishwi kuuogopa ute ndani ya ndoo ya kunywea. Hapo kusugua ni wajibu, kwani utando huo huweza kuwahifadhi vijidudu vya maradhi.

Tangini mambo ni mengine. Ute wa mti ni jamii ya bakteria na kuvu, walioshikamana kwa ulimbo wao wenyewe, wakila sukari inayotoka mtini. Hauwadhuru samaki. Pembeni yake, juu ya kioo na mchanga, hukua taratibu bakteria wengine: hawa huigeuza amonia itokayo kwenye kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na ukali. Kazi hiyo huchukua aghalabu wiki 4 hadi 6. Brashi na klorini viliwaondoa kabla hawajastawi, nayo sumu ikabaki, haionekani.

Bonde lenyewe linaijua siri hii. Katika madimbwi yake ya masika huishi samaki wadogo, Nothobranchius kilomberoensis, waliopewa jina hilo la kisayansi mwaka 2002. Dimbwi likikauka hufa, lakini mayai yao hungoja topeni hadi mvua irudi. Dimbwi lao halijapata kuwa safi hata siku moja.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mara ya pili tangi lilikaa wiki sita bila samaki, likitiwa chembe za chakula tu na maji yaliyolazwa ndooni usiku kucha. Ute ulikuja, ukanenepa, ukapungua. Ndipo samaki wakaingia, wakaishi.

Brashi haikutupwa. Ilitundikwa jikoni, juu ya ndoo ya maji ya kunywa, mahali pake.