Mtoto wa Kitengela na Mtoto wa Bissil

Ukipanda matatu ya Namanga jijini Nairobi, punde utaupita Mto Athi na kuingia Kitengela. Hapa palikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai. Leo ni maghorofa, maduka na vumbi la boda boda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huu. Kliniki ziko karibu, na mgeni hawezi kudhani kwamba mtoto wa hapa anaweza kukosa chanjo.

Lakini amka alfajiri uwatazame akina mama wakielekea viwandani Athi River. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, asubuhi moja kwenye foleni ya kliniki ni unga wa jioni uliopotea. Mwingine amehama chumba cha kupanga, na kadi ya mtoto ikapotelea njiani.

Sasa endelea na safari. Pita Isinya, pita mji wa Kajiado, mpaka Bissil. Nyumba zinapungua, maboma yanatengana. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita mraba 21,000. Mvua ilipokosekana kuanzia 2020 hadi 2022, wafugaji walifuata nyasi mbali na nyumbani. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14, halafu miezi 9 na 18. Je, atapatikana wapi siku yake ikifika?

Tuseme mama amefika, baada ya kutembea tangu macheo. Chupa moja ya chanjo ya surua huwatosha watoto kumi, na ikishafunguliwa haitumiki baada ya saa sita. Muuguzi anaona mtoto mmoja tu. Akiogopa kumwaga dozi tisa, humwambia mama arudi siku nyingine. Wataalamu hushauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana mama aliyerudishwa huenda asionekane tena. Dozi iliyomwagwa hununuliwa nyingine, mtoto hanunuliwi.

Usidhani hayo ni ya wenyewe wa Kajiado. Mwaka wa 2023 virusi vya polio viligunduliwa Garissa, na mwezi Agosti kampeni ya matone ikafanywa huko pamoja na Nairobi, Kiambu na Kajiado. Maradhi nayo hupanda matatu, wala hayaulizwi nauli.

Kwa hiyo, mzazi, ukiwa umechelewa, usione haya. Mtoto hapoteza dozi alizopata. Huendelea pale alipoachia. Kadi ikipotea, rudi kliniki ulikoanzia uulize rejista. Nawe mwajiri, mpe mama asubuhi hiyo moja bila kumkata mshahara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa jeneza dogo.