Redio ya Pili

Mwaka 1987 na 1988, rubani aliyeruka juu ya Ghuba alikuwa na redio mbili za kusikiliza. Ya kwanza ilikuwa ya waongozaji ndege: Karachi anakukabidhi kwa Muscat, Muscat anakukabidhi kwa jirani yake, kila kituo na masafa yake. Ya pili tuliiacha kwenye megahezi 121.5, masafa ya dharura yanayotumika dunia nzima. Kwa kawaida redio hiyo hukaa kimya safari nzima. Miaka ile haikunyamaza.

Nilikuwa rubani msaidizi kwenye Boeing 737 ya shirika moja la huko. Kwetu ni Unguja. Wazazi walihamia Muscat miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa Afrika Mashariki. Kapteni niliyeruka naye mara nyingi alikuwa mtu wa Mombasa, mkongwe wa East African Airways, shirika lililokufa mwaka 1977 na marubani wake wakatawanyika kutafuta riziki. Mbele za watu nilimwita Kapteni, tukiwa wawili nilimwita Mzee, naye akiniita mwanangu. Kazi ikitulia huko juu, tulizungumza Kiswahili.

Chini yetu palikuwa na vita. Iran na Iraq walikuwa wakipigana tangu 1980, na sasa walikuwa wakiwinda meli za mafuta. Tarehe 17 Mei 1987 ndege ya Iraq iliipiga manowari ya Marekani, USS Stark, ikaua mabaharia 37. Baada ya hapo Wamarekani hawakutaka tena kungoja kupigwa kwanza. Septemba mwaka ule walitoa taarifa kwa marubani wote: sikilizeni 121.5, na ndege itakayoikaribia meli yetu bila nia yake kueleweka itakuwa imejiweka hatarini.

Basi kutwa kucha tukawa tunasikia miito. "Ndege isiyotambulika, mwendo mafundo 350, mwinuko futi 20,000, unaikaribia meli ya kivita ya Marekani, jitambulishe na useme nia yako." Tulikuwa ndege nyingi pale angani na kila mmoja alijiuliza: ni mimi huyo? Mwendo waliotutajia waliupima kwa rada, mwendo juu ya uso wa dunia. Kipimo kilicho mbele ya rubani huonyesha mwendo ndani ya hewa, na namba mbili hizo hazilingani. Jina la safari yetu hawakulijua, kwa kuwa masafa tuliyoyatumia kuzungumza na waongozaji, wao hawakuyasikia. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ulikuja kuthibitisha jambo hilo: ukiacha 121.5, manowari zile hazikuwa na redio za masafa ya kuongozea ndege za abiria. Njia pekee ya kusemezana nasi ilikuwa ile moja.

Na njia hiyo moja ndiyo iliyoingiliwa na maskhara.

Baharini yalikuwapo kabla yetu. Kwenye chaneli 16 ya meli, ambayo nayo ni ya dharura na miito, mabaharia walikuwa wakitukanwa na watu wasiojulikana usiku kucha. Angani yalianza kidogo kidogo. Manowari inaita, mtu anapiga mluzi. Inaita tena, mtu anajibu kwa sauti ya kike ya kuigiza. Wawili wa shirika moja wanaulizana humo humo watakula wapi wakifika. Mwingine anawakaripia kwamba haya ni masafa ya dharura, wa nne anamwigiza yule aliyekaripia, na dakika nzima imepotea.

Nakumbuka alasiri moja tukitoka Karachi kwenda Dubai. Manowari iliita ndege isiyotambulika mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu sauti ya baharia ilikuwa imepanda. Alikuwa kijana, ungemsikia anavyohema. Hapo akawika jogoo. Aliwika vizuri kabisa, kwa pumzi ndefu, na nyuma yake kikasikika kicheko cha watu wawili kabla hajaachia kitufe. Baharia akaita tena, na ndege iliyokuwa ikitafutwa ikajibu, lakini maneno yake yalikatwa na jogoo wa pili.

Mzee hakusema neno redioni. Alishika kitufe cha sauti cha redio ya pili, akakizungusha hadi sauti ikawa kubwa kuliko mwanzo, akasogeza kichwa karibu na spika. Nilimuuliza kwa nini asiwakemee, maana umri na cheo anavyo. "Nikibonyeza, mwanangu, na mimi nimeingia," akasema. "Kuna mtu anajaribu kusema pale chini."

Kisha akanieleza habari za Tenerife, kama alivyozoea kumweleza kila kijana aliyekaa kiti cha kulia. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili za Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika ukungu, wakafa watu 583. Sekunde chache kabla, mnara ulisema neno na Pan Am ikasema neno, kwa wakati mmoja, masafa yale yale. Ndani ya chumba cha KLM kilichosikika ni mlio mkali juu ya maneno yote mawili. Redio za ndege ndivyo zilivyo mpaka leo: wakibonyeza wawili pamoja, wa tatu husikia kelele. Mzee alikuwa amepoteza shirika lake mwaka ule ule, na nadhani misiba hiyo miwili ilikaa pamoja moyoni mwake.

Yule jogoo nilimjua kwa sauti. Wengi tulimjua. Hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa kapteni mwenye saa nyingi, mtahini wa marubani wenzake, na ndege aliishusha ardhini hata abiria aliyelala asiamke. Sare yake haikuwa na mkunjo. Mbele ya abiria, mbele ya mkaguzi, mbele ya kinasa sauti cha chumba cha marubani, hakukosea. Lakini kwenye 121.5 hakuna anayetaja jina la safari yake akitaka kufanya mzaha, na pale ambapo hakuna ambaye angemtia mkononi, mtahini wetu akawika. Kwangu mimi hapo ndipo weledi wa rubani unapopimwa. Kutua vizuri kunaonekana na watu mia. Kunyamaza kwenye masafa ya dharura hakuonekani na mtu, na anayefaidika na kimya hicho ni mtu usiyemjua, ambaye pengine hata shida yake bado haijaanza.

Madhara yenyewe yalikuwa mapana kuliko kuzibiana sauti. Makapteni wengine niliokaa nao walichoka. Wakishapaa tu mkono unakwenda kwenye redio ya pili, sauti inapunguzwa mpaka inakuwa mnong'ono. Kwenye karatasi walikuwa wanasikiliza 121.5 kama walivyoagizwa. Masikioni haikuwamo. Miito ya manowari isiyo na jina iliwachosha, jogoo akamalizia.

Jumapili ya tarehe 3 Julai 1988 nilikuwa uwanja wa Dubai, tukingoja zamu yetu ya kuruka. Ndege ya Iran Air, safari namba 655, ilikuwa itue kabla ya adhuhuri kutoka Bandar Abbas ng'ambo ya maji, mwendo wa nusu saa tu. Airbus A300, kapteni wake Mohsen Rezaian. Iliondoka saa 4:17 asubuhi kwa saa za Iran, imechelewa dakika 27. Ilikuwa ndani ya njia yake ya anga, kifaa chake cha kujitambulisha kwenye rada kikitoa namba ya ndege ya kiraia, na ilikuwa ikipanda. Dakika saba baada ya kupaa, ikipita kama futi 13,500, makombora mawili ya manowari USS Vincennes yaliifikia. Walikuwamo watu 290, na 66 kati yao watoto. Hakunusurika mtu.

Pale uwanjani kwanza tuliambiwa imechelewa. Kisha waliokuja kupokea jamaa zao wakaanza kusogea kwenye kaunta, wengine na watoto waliovalishwa nguo nzuri. Mwanamke mmoja alikuwa na mkoba wa tende mkononi, na hakuuweka chini saa zote nilizomwona. Ilipofika alasiri tulikwisha jua. Mzee alikaa kwenye ngazi za ndege yetu, kofia magotini.

Ripoti ya ICAO ilitoka mwaka huo huo. Manowari mbili, Vincennes na Sides, ziliita mara 11. Mara saba ziliita kwenye masafa ya kijeshi ambayo Airbus ile haikuwa na redio ya kuyapokea. Mara nne ziliita kwenye 121.5, na kati ya hizo ni mwito mmoja tu uliokuwa wazi kiasi cha marubani kutambua papo hapo kwamba wanaoitwa ni wao. Wenyewe walikuwa na kazi ya kupaisha ndege na kuzungumza na waongozaji wao. Ama hawakuwa wakisikiliza masafa ya dharura dakika zile, ama walisikia wasijue kuwa ndio wao.

Sisemi kwamba mizaha ya marubani ndiyo iliyowaua. Waliowaua ni waliofyatua makombora wakidhani ndege ya abiria inayopanda ni ya kivita inayowashukia. Ninalolisema ni kwamba masafa yale, siku mwito mmoja ulipokuwa na maana ya roho 290, yalikuwa yameshafundisha watu kutosikiliza. Wenye meli walikuwa na sehemu yao katika mafundisho hayo na sisi wenye ndege tulikuwa na yetu.

Wiki zilizofuata, 121.5 ilikuwa safi. Manowari ikiita, ndege ilijibu mara moja kwa jina lake, mwinuko wake na iendako, kwa sauti za watu waliokaa wima. Mapigano yalisimamishwa tarehe 20 Agosti. Kabla mwaka mwingine haujaisha, nikasikia mluzi.

Miaka ya tisini, mimi mwenyewe nikiwa kapteni, nilikuwa nikiruka kando ya pwani ya Tanzania nilipopata kusikia masafa yale yakifanya kazi yake. Ilikuwa sauti nyembamba, ya rubani wa ndege ndogo ya injini moja kusini ya Mafia, injini ikikohoa, yuko chini kama futi elfu moja. Ukiwa chini hivyo redio yako haivuki maili 40 za baharini kumfikia aliye ardhini, kwa sababu mawimbi yake hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Dar es Salaam hawakumsikia. Ndege iliyo futi 35,000 inasikia mpaka maili 230 kwenda kila upande, na sisi tulikuwa juu. Tukachukua maneno yake tukawapa Dar, tukachukua ya Dar tukampa yeye, mpaka akaufikia uwanja wa Kilwa Masoko. Sauti ile ilikuwa dhaifu kiasi kwamba mtu mmoja akikohoa kwenye maikrofoni angeizima.

Mpwa wangu sasa anarusha ndege Marekani. Tangu mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, marubani wa huko wametakiwa kusikiliza 121.5 kila inapowezekana, kwa hiyo wasikilizaji ni maelfu. Ananiambia kuna marubani wa ndege kubwa za abiria wanaolia nyau humo. Paka mmoja analia, paka wa pili anajibu, usiku baada ya usiku, na wakikaripiwa wanazidi. Nilimuuliza kama sauti ya redio hiyo wanaiacha juu. Akasema kapteni wake huipunguza wakishavuka futi 10,000, na wengi hufanya hivyo. Nilimwambia airudishe juu yeye mwenyewe, na kapteni akimuuliza sababu, amsimulie habari ya Bandar Abbas yote, tangu jogoo.