Kikohozi cha shosh hakikuwa baridi

Shosh alianza kukohoa Juni na sisi wote tukalaumu baridi. Mimi ndiye nilimnunulia dawa ya kikohozi, chupa tatu nzima, na bado nikamgombeza avae sweta. Kumbe jibu lilikuwa kwa droo yake, kwa ile pakiti ya dawa ya moyo ambayo nimekuwa nikimchukulia kwa miaka mbili na nusu bila kuuliza swali hata moja.

Dawa inaitwa amiodarone. Moyo wa shosh ulikuwa unapiga ovyo, mara unakimbia, mara unaruka pigo, na hiyo dawa ikautuliza. Siichukii, pengine ndiyo imefanya bado niko na yeye. Lakini manze, hii si ya kumeza tu kama Panadol. Tembe moja ya miligramu 200 ina karibu miligramu 75 za iodini, na mtu mzima anahitaji kama miligramu 0.15 pekee kwa siku. Ndiyo maana inaweza kuvuruga ile tezi ya shingo. Halafu inajificha kwenye mafuta, ini na mapafu. Hata ukiiacha leo, itakaa mwilini miezi. Huko ndani ya seli inachochea chembe kali za oksijeni zinazokula kuta za seli vile kutu hula mabati. Mapafu yanafura, na wengine hubaki na makovu.

Daktari aliyeshtuka hakuanza na mashine. Aliuliza tu, "Shosho, unakunywa dawa gani?" Picha ya kifua ikafuata.

Damu inafaa kupimwa kabla ya kuanza dawa, kisha kila miezi 6, kuangalia tezi na ini. Shosh hakupimwa hata siku moja. Huko tulikokuwa tunaenda, walikuwa wanaandika "aendelee" kwa kadi, basi. Nina hasira nao. Na mimi je, niliyekuwa nabeba hiyo kadi?

"Sasa nikiiacha, moyo utabaki na nani?" shosh aliniuliza. Hilo ni swali la daktari, wasee, usimwachishe mtu wako dawa kwa sababu umesoma post yangu. Yeye amebadilishiwa na daktari, na anameza steroidi za kutuliza mapafu.

Bado anapumzika mara mbili kwa ngazi zetu. Jumanne tunarudi kliniki. Pakiti zake zote ziko kwa begi langu, na maswali nimeyaandika.